Diski 34 badala ya 100: Kwa nini diski zilizoshiba ni nafuu kwa umeme na maji ya Dodoma

Ukilipia kodi ya ardhi, faini ya barabarani au ada ya leseni, unapewa ile namba ndefu ya malipo inayoanza na 99. Unalipa kwa simu, ujumbe unarudi, unaendelea na shughuli zako.

Lakini rekodi ya malipo hayo haielei hewani. Ipo kwenye kituo cha data, ndani ya chumba ambacho umeme hautakiwi kukatika wala joto kupanda. Na sehemu kubwa ya kinachotunzwa kwenye vyumba vya aina hiyo kimo ndani ya diski zinazozunguka usiku na mchana, hata sikukuu.

Rekodi zinaongezeka kila siku. Sasa swali ni hili: tununue diski nyingi zaidi, au tununue diski chache zinazobeba zaidi? Linasikika kama swali la mafundi. Ukweli ni kwamba linagusa bili ya umeme inayolipwa kwa kodi yako, maji ya mji mkavu, na usalama wa jalada la kiwanja chako.

Kwa nini Dodoma ijali

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa na TANU mwaka 1973. Kazi yenyewe ilishika kasi kuanzia 2016, Dodoma ikawa jiji Aprili 2018, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuitangaza rasmi kuwa makao makuu ya nchi. Leo wizara zipo Mji wa Serikali, Mtumba.

Wizara zilipohama, kazi za karatasi nazo zilikuwa zinahama kwenda kwenye kompyuta. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, e-GA, yenye makao makuu hapa Dodoma. Barua za ofisi, mishahara, manunuzi na malipo sasa vinapita kwenye mifumo.

Na si barua tu. Chukua Hospitali ya Benjamin Mkapa. Kipande kimoja cha picha ya CT-scan kwa kawaida kina nukta 512 kwa 512, karibu nusu MB. Kipimo kimoja chenye vipande 500 kinafika MB 250. Huyo ni mgonjwa mmoja, kwa siku moja.

Kamera za ulinzi ndo usiseme. Kamera moja inayorekodi kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde inatoa karibu GB 43 kwa siku. Kwa mwezi inapita TB 1.2. Jengo lenye kamera 50 linahitaji zaidi ya TB 60 kutunza mwezi mmoja tu.

Unaweza kusema, si tutunze nje ya nchi? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania na majirani zake. Kitu kilichotunzwa nje siku kama hiyo kinakuwa mbali kweli. Ndiyo maana kuna vituo vya ndani, kama Kituo cha Taifa cha Data, NIDC, kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam.

Diski inakula umeme uleule

Simu yako haina kitu kinachozunguka. Inatunza picha kwenye chipu. Vituo vya data navyo vina chipu za namna hiyo kwa kazi za haraka. Tatizo ni bei: kwa kila TB, chipu ni ghali mara kadhaa kuliko diski ngumu. Kwa hiyo mizigo mikubwa isiyoguswa kila dakika, kama video, picha za hospitali na majalada ya zamani, bado inalala kwenye diski zinazozunguka.

Ndani ya diski ngumu kuna sahani nyembamba zimepangwa moja juu ya nyingine. Katika diski nyingi za vituo vya data, mota inazizungusha mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Vichwa vidogo vinaelea juu ya sahani kusoma na kuandika alama za sumaku.

Hapa ndipo penye siri yote. Mota haijui sahani imebeba nini. Kuizungusha sahani yenye TB 1 na kuizungusha sahani yenye TB 3 ni kazi ileile. Ni kama taa ya ukumbini: wawe watu 10 au 100, bili ni moja.

Diski ya kituo cha data hutumia takribani wati 6 hadi 10, iwe ya TB 10 au ya TB 30. Ukiweza kubana data nyingi zaidi kwenye sahani ileile, kila GB inakuwa imebebwa kwa umeme mdogo zaidi.

Tupige hesabu

Tuseme ofisi ina TB 1,000 za kutunza. Tukadirie kila diski inakula wati 9.

Kwa diski za TB 10: unahitaji diski 100. Hizo ni wati 900 muda wote. Kwa mwaka ni karibu uniti 7,880.

Kwa diski za TB 30: unahitaji diski 34. Hizo ni wati 306. Kwa mwaka ni karibu uniti 2,680.

Tofauti ni uniti 5,200 kwa mwaka. Nyumba iliyopo kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, haizidi uniti 900 kwa mwaka. Kwa hiyo umeokoa umeme wa nyumba karibu sita, na hujapunguza hata faili moja.

Hapo hatujaweka nakala za akiba. Hakuna mtu makini anayetunza kumbukumbu za serikali sehemu moja. Ukiweka nakala tatu kamili, tofauti inakuwa zaidi ya uniti 15,000.

Halafu kuna kupoza. Karibu kila wati inayoingia kwenye diski inatoka kama joto, na joto hilo lazima liondolewe. Kwa tathmini za taasisi ya Uptime Institute, vituo vya data duniani kwa wastani hutumia zaidi ya nusu uniti ya ziada kwa kila uniti moja inayokwenda kwenye mashine zenyewe. Sehemu kubwa ya ziada hiyo ni kupoza. Diski ambayo hukuiwasha haihitaji kupozwa.

Nafasi nayo ni pesa. Sanduku la kawaida la kupangia diski linaweza kubeba diski 60. Diski 100 zinataka masanduku mawili, diski 34 zinaingia kwenye moja na nafasi inabaki. Kila sanduku lina feni zake, nyaya zake na vifaa vyake vya umeme. Na kadri mzigo unavyopungua, ndivyo betri na jenereta za kusubiri umeme ukikatika zinavyoweza kuwa ndogo.

Wanaijazaje?

Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mashine yenye diski ngumu ya kwanza kuuzwa. Hifadhi yake ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na uzito wake ulikaribia tani. Ilibeba herufi milioni tano. Picha moja au mbili za simu yako zinaijaza.

Leo diski inayoenea kiganjani inabeba TB 30 na zaidi. Mbinu tatu ndizo zimefikisha hapo hivi karibuni.

1. Kutoa hewa, kuweka heliamu. Heliamu ni ile gesi ya maputo yanayoelea. Uzito wake ni kama sehemu moja ya saba ya hewa. Sahani zikizunguka ndani ya hewa zinasukumana na upepo na kutikisika. Ndani ya heliamu zinatulia, kwa hiyo zinaweza kuwa nyembamba na kupangwa nyingi zaidi. Kampuni ya HGST ilileta diski ya aina hii mwaka 2013, ikiwa na sahani saba na TB 6. Siku hizi sahani kumi ni jambo la kawaida.

2. Kupanga data kama mabati. Fundi wa paa hapangi mabati pembeni kwa pembeni. Analalisha moja juu ya ukingo wa jingine. Diski za aina hii zinaandika njia za data hivyohivyo, kila njia ikifunika ukingo wa ile iliyotangulia, na nyingi zaidi zinaenea. Ubaya wake unaujua ukishawahi kubadilisha bati la katikati: lazima ufungue na ya jirani. Kurekebisha data ya katikati nako kunalazimu kuandika upya zilizo karibu. Kwa hiyo zinafaa kwa kumbukumbu za kuweka na kusoma. Kwa mfumo unaobadilika kila sekunde hazifai.

3. Kupasha moto kwa leza. Alama za sumaku zikiwa ndogo mno zinaanza kujifuta zenyewe kwa joto la kawaida tu. Dawa ni kutumia madini magumu yanayoshika alama sana. Lakini magumu hayo hayakubali kuandikwa! Suluhisho likawa leza ndogo inayopasha nukta moja zaidi ya nyuzi joto 400 kwa nanosekunde chache, kichwa kinaandika, nukta inapoa na kushika. Fikiria lakiri ya bahasha za serikali: ikiwa ya moto inakubali muhuri, ikipoa haibadiliki. Kampuni ya Seagate ilitangaza diski zake za TB 30 na zaidi za teknolojia hii Januari 2024, kila sahani ikibeba TB 3.

Joto, maji na vumbi

Dodoma ipo juu kidogo, karibu mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa yake ni kavu, na usiku wa Juni na Julai ni wa kujifunika blanketi. Kwa mashine, hiyo ni nafuu ukilinganisha na joto la unyevunyevu la Dar es Salaam. Kuna miezi ambayo hewa ya nje usiku inaweza kusaidia kupoza.

Hewa kavu pia inafaa sana kwa mitambo inayopoza kwa kuvukiza maji. Mitambo hiyo inabana umeme. Lakini ndo hapo shida inapoanza: maji yenyewe yako wapi?

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili hivi, na jiji kwa miaka mingi limetegemea visima vya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora. Watu wameongezeka tangu serikali ihamie. Mwenye ndoo mtaani hawezi kuambiwa asubiri kwa sababu seva zina kiu.

Kwa hiyo njia ya uhakika ya kubana maji ya kupoza ni kutozalisha joto lisilo la lazima. Diski 34 zinatoa theluthi ya joto la diski 100. Huo ni ushindi unaopatikana kabla hujanunua mtambo wowote wa kupoza.

Vumbi nalo. Diski za kawaida zina tundu dogo lenye kichujio la kusawazisha mgandamizo wa hewa. Diski za heliamu zimefungwa kabisa, maana gesi ikitoka kazi imeisha. Kwa mji wenye upepo na vumbi la kiangazi, hilo ni jambo jema, ingawa chumba chenyewe bado kinahitaji vichujio na usafi. Feni na viunganishi vya umeme havijafungwa.

Ghala limekua, mlango ni uleule

Sasa tusije tukadhani kubwa ni bora kila mahali.

Fikiria ghala la mahindi Kibaigwa. Umelipanua mara tatu, lakini mlango ni mmoja na wapagazi ni walewale. Magunia yanaenea, ila siku ya kuyatoa foleni inafika barabarani.

Diski kubwa ipo hivyo. Mkono unaobeba vichwa bado unafanya safari zake kwa kasi ileile. Watu wengi wakiomba faili tofauti kwa wakati mmoja, diski 100 zinawahudumia haraka kuliko 34. Ndiyo maana mifumo ya malipo, ambayo inaguswa kila sekunde, hukaa kwenye chipu, na diski kubwa zinaachiwa kumbukumbu.

Shida ya pili ni kubwa zaidi. Diski zinakufa. Ikifa ya TB 10, kuna TB 10 za kurejesha. Ikifa ya TB 30, ni mara tatu. Kwa kasi ya MB 250 kwa sekunde, kuijaza diski mpya ya TB 30 kunachukua zaidi ya saa 33 bila kupumzika. Na kituo hakiwezi kusimamisha huduma kusubiri, kwa hiyo mara nyingi inachukua muda mrefu zaidi.

Ndani ya saa hizo, diski ya pili ikifa na ulikuwa na ulinzi wa kuvumilia kifo kimoja tu, umepoteza. Basi kituo kinachohamia diski kubwa lazima kiongeze ulinzi: data igawanywe vipande pamoja na vipande vya ziada kwenye diski nyingi, ili hata mbili au tatu zikifa pamoja kila kitu kirudi. Na nakala nyingine iwe mji mwingine kabisa. Moto au mafuriko hayachagui diski.

Kwa hesabu yetu ya mwanzo, baadhi ya uniti ulizookoa zitalipia ulinzi huo. Ni halali. Faida bado inabaki. Ila anayehesabu faida bila kuhesabu ulinzi anajidanganya, na watakaolia ni wengine.

Wakazi wa Dodoma hawahitaji kuelezwa sana hapo. Mei 2017 Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilivunjwa na shughuli zake kupelekwa kwenye manispaa. Kila mwenye kiwanja aliyewahi kusimama dirishani anaijua hofu ya kusikia "jalada halionekani". Jalada la karatasi likipotea, ni mtu mmoja anahangaika. Diski moja ya TB 30 ikipotea bila nakala, ni mamilioni ya kurasa.

Hizo 100 za zamani ziende wapi?

Hili husahaulika. Ukinunua diski 34 mpya, zile 100 zinatoka. Kufuta faili kwa kawaida hakuondoi data. Mtu mwenye programu ya kurejesha anaweza kuisoma. Diski ya hospitali ikiibukia kwenye meza ya vifaa vilivyotumika, ugonjwa wa mtu umeuzwa sokoni.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Ulinzi huo hauishii siku diski inapochomolewa. Inatakiwa isafishwe kwa programu maalumu inayoandika juu ya kila sehemu, au ipondwepondwe, na kila diski iwe na kumbukumbu ya namba yake. Vyuma vyake baada ya hapo vinaweza kurejelezwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua

Kama upo kwenye ofisi, chuo, hospitali au kampuni inayopanga kuongeza hifadhi, usiishie kuuliza bei ya diski. Uliza haya:

• Tunatumia wati ngapi kwa kila TB, sasa na baada ya kununua?

• Tuna data kiasi gani iliyojirudia au isiyotakiwa? Diski yenye bei nafuu kuliko zote ni ile ambayo hukuhitaji kuinunua.

• Data ipi inaguswa kila dakika, na ipi inakaa tu?

• Diski moja ikifa, tunarejesha kwa saa ngapi? Ngapi zinaweza kufa pamoja tusipoteze kitu?

• Mara ya mwisho kujaribu kurejesha nakala ilikuwa lini? Nakala isiyojaribiwa bado ni matumaini tu.

• Diski za zamani zinaharibiwa na nani, na nani anashuhudia?

Na wewe mwenye simu? Kanuni ni ileile kwa udogo. Ile video iliyotumwa kwenye magrupu matano inaweza kuwa imejirudia kwenye simu yako, na kama umewasha nakala za mtandaoni, huenda mojawapo inazunguka kwenye diski ya mtu mahali fulani, inakula umeme.

Zifute hizo. Lakini barua ya toleo ya kiwanja, hati, vyeti na majibu ya hospitali, piga picha vizuri, weka nakala sehemu mbili, na karatasi yenyewe usiitupe.